Dhana ya Wakati katika Filamu za Bunilizi ya Kisayansi: Mtazamo kutoka Kilosa na Mikumi

Miongoni mwa sanaa zilizotufikia kutoka ng'ambo, filamu ndiyo iliyopenya ndani zaidi katika maisha ya mwananchi, na ndiyo iliyohakikiwa kidogo kuliko zote. Ushairi wetu una wahakiki wake, tena wakali. Riwaya ina wake. Tamthiliya nazo zimeandikiwa miongozo kwa ajili ya mitihani. Filamu imeachiwa vibanda vya video na vijana wasio na nauli ya kwenda kwingine. Katika makala haya tunakusudia kuitazama aina moja tu ya filamu, nayo ni ile ya bunilizi ya kisayansi ambayo huuvunja mfuatano wa wakati, ikatanguliza la kesho kabla ya la jana na kumwachia mtazamaji kazi ya kuunganisha. Tutaitazama tukiwa Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Wako watakaouliza: filamu hizo na Kilosa, wapi na wapi? Swali hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Tuliionyesha filamu ya Arrival, iliyoongozwa na Denis Villeneuve mwaka 2016, kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne mjini Kilosa, juu ya shuka nyeupe iliyofungwa kwa kamba za katani. Kabla ya hapo mwalimu mwenzetu mmoja, mtu mwenye heshima zake, alikuwa ametuonya. Watoto hawa hawataelewa, alisema. Filamu yenyewe inarukaruka, haina mwanzo wala mwisho, heri muwaonyeshe kitu kinachokwenda moja kwa moja. Hatukumjibu wakati ule. Baadaye tulikumbuka mahali tulipowahi kukutana na maneno ya namna hiyo.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika na kuzizungusha kwa lori huko Tanganyika na katika nchi za jirani. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda kitengo maalumu cha filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya nchini Nigeria, akaweka kanuni: filamu ya Mwafrika iende polepole, kila picha ikae muda mrefu, hila za kamera ziepukwe, mfuatano wa matukio usikatizwe, kwa kuwa eti akili ya mtazamaji huyo haiwezi kuruka pengo. Hadhira iliyokulia katika ngano, vitendawili na ngoma za mafumbo ikahukumiwa kuwa haiwezi kufuata kisa mpaka kinyooshwe kama reli. Kitengo hicho kilivunjwa mwaka 1955. Kanuni yake, kama tulivyoona, bado ina wafuasi katika vyumba vyetu vya walimu, na wafuasi hao si watu wabaya. Ni watu waliofundishwa vivyo na waliofundishwa vivyo.

Filamu tuliyoionyesha ni hii. Vyombo kumi na viwili kutoka anga za mbali vinasimama sehemu mbalimbali za dunia. Mtaalamu wa isimu, Dakta Louise Banks, anaitwa na jeshi la Marekani ajifunze lugha ya wageni hao. Maandishi yao ni ya duara, mithili ya alama iachwayo mezani na gilasi iliyolowa. Sentensi nzima huandikwa kwa mara moja, haina neno la kwanza wala la mwisho. Kadiri Louise anavyoielewa lugha hiyo ndivyo anavyoanza kuuona wakati kama wageni wanavyouona, wote kwa pamoja. Mwanzoni mwa filamu tumeonyeshwa binti yake akizaliwa, akikua, na kufa kwa maradhi angali mbichi. Tumedhani hayo yamekwisha kupita. Karibu na mwisho tunatambua kuwa hayajawa bado. Binti hajazaliwa, na babaye ndiyo kwanza anafahamiana na Louise. Naye Louise, akiyajua yote yatakayompata, anakubali kuolewa na kuzaa. Jina la binti ni Hannah, ambalo kwa herufi zake husomeka sawasawa kutoka mbele na kutoka nyuma.

Wanafunzi hawakupotea. Mmoja wao, kijana wa nyuma kabisa ambaye darasani huwa kimya, aliuliza katikati ya onyesho mbona mama huyu hazeeki wala hapungui, ilhali mtoto amekwisha kuzaliwa na kuzikwa. Yaani alikuwa ameushika ufunguo wa filamu mapema kuliko sisi tulipoitazama mara ya kwanza. Baada ya onyesho msichana wa kidato cha tatu akasimama: "Mwalimu, kama alijua mtoto atakufa, kwa nini alimzaa?" Kabla hatujajibu, mwingine akadakia: "Na Mangungu je? Angejua, angetia alama?" Darasa likacheka. Sisi tuliliona swali hilo kuwa zito kuliko filamu yenyewe, na tunaomba msomaji atuvumilie tukilikalia kitako.

Msowero imo katika wilaya ya Kilosa. Hapo, tarehe 29 Novemba 1884, Mangungu alitia alama yake kwenye karatasi ya Karl Peters, Mjerumani aliyekuwa ameingia Usagara akitokea Zanzibar mwezi huo huo. Kilichoandikwa kilikuwa mkataba wa urafiki wa milele, na ndani ya urafiki huo ardhi yote ya Mangungu ikatolewa kwa matumizi ya ukoloni wa Kijerumani. Karatasi ilikuwa kwa lugha asiyoweza kuisoma. Mkalimani alikuja na mgeni. Wakati alama ile inatiwa, mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha kaa majuma mawili, tangu tarehe 15 Novemba; ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Kaizari akatoa hati ya kuyaweka maeneo ya Peters chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo siku ile Msowero palikuwa na nyakati mbili zilizokaa juu ya mkeka mmoja. Mangungu alikuwa katika alasiri ya kawaida ya kumkirimu mgeni. Peters alikuwa amekwisha kufika Februari ya mwaka uliofuata.

Sasa tuirudie filamu. Mzozo wake mkubwa ni wa neno moja. Wageni wanaandika jambo ambalo wakuu wa majeshi wanalisoma kuwa ni silaha; Louise anasisitiza kuwa neno hilo laweza kuwa chombo, au hata zawadi, na kwamba hatujui bado kama wageni hawa wanatofautisha. Mataifa yanaanza kufungiana mawasiliano. Hii ni sehemu nzuri kabisa ya filamu, na mwalimu wa Kiswahili au wa historia angeweza kuitumia peke yake kwa kipindi kizima. Villeneuve anaamini kuwa mkalimani mwaminifu, akipewa muda, aweza kuiokoa dunia. Huko Msowero mkalimani hakupewa muda, wala hakuwa ameletwa kwa ajili ya Mangungu.

Tangu hapo jina la mzee huyu limekuwa tusi la kisiasa. Kila mkataba wa madini au wa bandari unapozozaniwa, Mangungu hufufuliwa na kuchapwa upya. Tunamhukumu kwa ujuzi wa yaliyofuata: utawala wa Wajerumani, Majimaji, kodi ya kichwa, mashamba ya mkonge. Tumesoma ukurasa wa mwisho, kisha tunashangaa mbona mtu wa ukurasa wa kwanza hakuusoma. Hapo ndipo tunapoona faida ya kielimu ya filamu za aina hii. Zinamtoa mtazamaji katika kiti cha hakimu anayejua yote na kumweka kwenye kiti cha mtu anayetenda bila kujua, halafu zinambadilishia viti ghafla. Mwanafunzi aliyetikiswa hivyo mara moja hawezi tena kumcheka Mangungu kwa wepesi ule ule. Atamlaumu pengine, lakini kwa hoja.

Filamu inayofanya kazi hiyo kwa ukali zaidi si Arrival bali ni La Jetée ya Mfaransa Chris Marker, ya mwaka 1962. Ina urefu wa dakika 28 tu, na karibu yote imeundwa kwa picha mnato, mojamoja, huku sauti ikisimulia. Mara moja tu picha inajongea, mwanamke anapofumbua macho yake kitandani. Baada ya vita vya tatu vya dunia, mateka mmoja anatumwa katika wakati uliopita kwa sababu ana kumbukumbu moja isiyofutika: akiwa mtoto, katika uwanja wa ndege wa Orly, alimwona mtu akianguka na kufa. Mwishowe anafanikiwa kurudi uwanjani hapo, na anapopigwa risasi anatambua kuwa yule aliyemwona akifa utotoni ni yeye mwenyewe. Hakuna mashine za kumetameta, hakuna mapigano ya nyota. Shule yoyote yenye kamera moja, au siku hizi simu moja, ingeweza kutengeneza filamu ya mbinu hiyo katika likizo ya wiki mbili. Tunashangaa kuwa hazijatengenezwa nyingi.

Turudi kwa msichana na swali lake. Jibu la haraka ni kwamba Louise alimzaa binti kwa kuwa alimpenda, na jibu hilo filamu inalitoa kwa machozi na muziki wa zeze. Lakini katika nchi ya Wakaguru, ambayo ni kaskazini ya Kilosa na Gairo, liko jibu la kina zaidi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, T. O. Beidelman, aliyeishi huko mwishoni mwa miaka ya 1950 na kurudi baadaye, ameeleza katika maandishi yake kwamba kwa Wakaguru nchi ya mizimu ni kinyume cha nchi ya walio hai. Mtoto anapozaliwa huku, huko wamefiwa. Mtu anapokufa huku na watu wakalia, huko wamepata mgeni nao wanafurahi. Wakaguru hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mlango wa kupitia kati ya nchi hizo mbili ni mwanamke. Tuitazame filamu kwa jicho hilo. Kuzaliwa kwa Hannah na kufa kwa Hannah si ncha mbili za kamba. Ni tendo moja lililotazamwa kutoka ng'ambo mbili za mto. Mzee wa Kikaguru asingeuliza kwa nini Louise alimzaa. Angeuliza ni nani aliyelia upande wa pili siku mtoto alipolia upande huu. Wageni wa Villeneuve walihitaji vyombo kumi na viwili kuja kutufundisha jambo lililokuwa likisemwa Mamboya kabla ya filamu kubuniwa.

Hatusemi hivyo ili kujigamba. Imekuwa mazoea ya wahakiki wetu, kila jambo jipya la wageni likitokea, kusema nasi tulikuwa nalo tangu kale, kisha kulala. Tofauti kubwa ipo. Wakaguru hawakujenga imani hiyo juu ya hesabu, na filamu za bunilizi ya kisayansi, zilizo bora, huwa na hesabu nyuma yake. Hadithi fupi iliyozaa Arrival iliandikwa na Ted Chiang mwaka 1998, na nguzo yake ni kanuni ambayo Fermat aliitoa mwaka 1662 kuhusu mwanga. Mwanafunzi wa fizikia anajua kuwa fimbo iliyotumbukizwa majini huonekana imevunjika, kwa sababu mwanga hupinda uingiapo majini. Fermat alionyesha kuwa mwanga hufuata ile njia inayochukua muda mfupi. Lakini ili kuichagua njia hiyo, yapasa mwanga ujue utakakofika kabla haujaondoka! Hapo ndipo Chiang alipotia kalamu yake: ziko namna mbili za kueleza tukio moja, ya hatua kwa hatua na ya yote kwa pamoja, na zote mbili ni sahihi. Filamu imeitupa hoja hii nje. Badala yake tumepewa helikopta, mahema na mabomu. Tunalihesabu hilo kuwa kosa, kwa sababu hadhira iliyonyimwa sababu hulazimika kuamini tu, na kuamini tu si bunilizi ya kisayansi.

Ama kuhusu hesabu za wakati, Kilosa haiko mbali nazo kama inavyodhaniwa. Mwaka 1905 Einstein alichapisha makala yake yaliyoonyesha kuwa saa mbili zilizo katika mwendo tofauti hazikubaliani. Mwaka huo huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, na mwaka huo huo vita vya Majimaji vikalipuka. Reli ilipita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914. Alipoandika kitabu cha kuieleza nadharia yake kwa watu wa kawaida, Einstein alitumia mfano wa garimoshi na mtu aliyesimama kando ya reli. Mwalimu wa Kilosa hahitaji kuuchora mfano huo ubaoni. Anaweza kuwapeleka wanafunzi wake stesheni.

Arrival imejengwa pia juu ya nadharia ya Edward Sapir na mwanafunzi wake Benjamin Lee Whorf, kwamba lugha humkatia msemaji wake dunia kama fundi akatavyo kitambaa. Whorf aliandika kuwa Wahopi wa Marekani hawana maneno ya wakati kama ya Wazungu, akahitimisha kuwa wakati kwao si kitu kinachopita. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha kitabu kinene cha kuonyesha maneno ya wakati ya Kihopi, nayo yalikuwa mengi. Huku kwetu hoja ya jinsi hiyo ilitolewa na mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi. Sasa ni wakati tulio nao, pamoja na jana ya karibu na kesho iliyokwisha kuanza kuonekana. Zamani ni bahari kuu inayopokea kila kitu. Wakati ujao wa mbali, alidai, kwa Mwafrika wa jadi ni kama haupo, na ushahidi aliutafuta katika vitenzi vya Kikamba na Kikuyu.

Nusu ya hoja hiyo tunaipokea. Mbiti alieleza kuwa marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina, na huzama katika Zamani anapokufa wa mwisho aliyemjua. Kwa kipimo hiki Hannah yumo katika Sasa kabla ya kuzaliwa, kwa kuwa yupo anayemkumbuka. Hatujaona mhakiki wa ng'ambo aliyeieleza filamu vizuri kuliko hivyo, na Mbiti hakuwa akiandika juu ya filamu.

Nusu ya pili tunaikataa. Kiswahili kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Atasema mpinzani kuwa hizo ni siku nne tu, na kwamba baada ya mtondogoo ni giza. Basi tumpe mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining'ina. Watu wasio na wakati ujao hawapotezi maneno kuwapa majina watu watakaozaliwa baada ya miaka mia moja. Zaidi ya hayo, kitenzi chetu chenyewe hakikubali kunyooshwa. Tukisema "amekaa", tendo limepita na bado lipo. Tukisema "jua huchwa", hatukutaja wakati wowote. Mtu anayeondoka hukuaga kwa kusema "nakuja". Saa ya simu ya mwanafunzi huandika saba, naye husema saa moja, wala hachelewi kipindi. Katika juma letu Jumatano ni siku ya tano tukihesabu tangu Jumamosi, na inayofuata, Alhamisi, ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu; tuna siku mbili za tano zikifuatana, na mnada haujawahi kuahirishwa kwa sababu hiyo. Hatudai kuwa hayo yanatufanya wanafalsafa. Yanatosha kuonyesha kuwa kijana wa Kilosa anaingia katika filamu ya wakati uliopindika akiwa amekwisha kuzoea kukunja na kukunjua.

Mikumi ni mji wa njiani. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita katikati ya hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, na malori hulala mjini. Palipo na malori pana vibanda vya video, na katika vibanda hivyo tumejifunza jambo ambalo vitabu vya uhakiki havikutufundisha. Filamu za kigeni huko husikilizwa kwa sauti ya mfasiri, kazi ambayo Lufufu aliijengea jina kubwa nchini. Mfasiri hatafsiri tu. Yeye amekwisha kuitazama filamu, na hawezi kujizuia. Anamwonyesha jamaa anayecheka na kusema huyu mnayemwona, dakika kumi zijazo hana kichwa. Tulidhani watazamaji watakasirika. Kinyume chake, walisogea mbele. Kilichokuwa kinawavuta si nini kitatokea bali kitatokeaje, na yule jamaa atafanya nini na dakika zake kumi. Ndivyo ilivyo ngano ya bibi pia. Hakuna mtoto asiyejua kuwa sungura atashinda, na hakuna anayekubali kulala kabla hajashinda. Filamu ambayo kwa Villeneuve ni jaribio la kishujaa, kwa mfasiri wa Mikumi ni kazi ya kila jioni.

Pamoja na hayo yote tuna ugomvi na Arrival. Mambo ya dunia nzima, vita au amani, yanatatuliwa kwa simu moja: Louise anampigia jenerali wa China na kumwambia maneno ya mwisho ya marehemu mkewe, maneno ambayo jenerali mwenyewe atamweleza miezi mingi baadaye. Ni hila nzuri ya fani, lakini kimaudhui inadhoofisha. Wakati umekuwa mali ya mtu mmoja, mtaalamu mmoja wa taifa moja, naye anauamua peke yake usiku. Tena filamu inatufundisha kuwa ajuaye la kesho hana la kufanya ila kulikubali. Kwa mama na mwanawe tunauona uzuri wa kukubali huko. Kwa taifa ni hatari. Msowero haikuhitaji mtu wa kukubali. Ilihitaji mtu wa kusema ngoja, isomwe tena.

Upande huu filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Mtanzania Martin Mhando na Mmarekani Ron Mulvihill na kutolewa mwaka 2001, inatufaa zaidi, ingawa si bunilizi ya kisayansi kwa maana kamili. Ndiyo iliyopelekwa na Tanzania katika mashindano ya Oscar kwa mwaka huo. Samehe ni mgonjwa asiyesema, kwa sababu ya jambo la kutisha aliloliona utotoni. Daktari Asira, mwanamke mwenye asili ya Afrika kutoka Marekani, anakuja kumtibu, na mhenga aitwaye Maangamizi anawatokea wote wawili. Wakati uliopita hapa hautazamwi kwa mbali. Unaingia wodini, unaketi, unadai haki yake. Mazungumzo mahali pengine yanaeleza mno, kana kwamba watengenezaji waliogopa kuwa hatutaelewa. Kivuli cha Sellers tena. Lakini uponyaji ni wa watu wawili pamoja na wahenga wao, si wa mtu mmoja na simu. Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ni fupi, dakika zipatazo ishirini, na inatazama mbele: baada ya vita vya maji, Asha anaota mti mbichi kabla hajauona, kisha anaufuata hadi jangwani na kuunywesha jasho lake. Mwishoni mwa mwaka huo huo na Januari ya 2010 Kilosa ilikuwa ndani ya mafuriko, maji yamebomoa reli na kuwatoa watu makwao. Tuliwaonyesha wanafunzi filamu hiyo mara baada ya Arrival. Waliipenda kuliko ile ya kwanza, na mmoja akasema kosa lake ni kuwa maji hayaishi hivyo, huja yote siku moja.

Wiki iliyofuata tuliwapa kazi ya kuandika insha juu ya mkataba wa Msowero. Yule msichana wa kidato cha tatu aliiandika kutoka mwisho kwenda mwanzo. Alianza na bendera ya tarehe 9 Desemba 1961, akarudi kwenye mkonge, akarudi kwenye Majimaji, akarudi kwenye hati ya Kaizari, na akaiishilizia insha kwa mzee aliyeketi barazani akimwona mgeni kwa mbali na kumwambia mtoto wake alete kigoda. Msahihishaji alikuwa yule mwalimu mwenzetu. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu kuwa visa havina mtiririko, akampa alama nane kwa ishirini. Tulimwendea ofisini, tukabishana naye kwa heshima muda wa vipindi viwili. Alisema mtihani wa taifa hautamhurumia msichana huyu, na katika hilo hatukuwa na jibu la kumridhisha. Mwishoni aliichukua tena insha, akaisoma kwa sauti kuanzia aya ya mwisho kupanda juu, kisha kuanzia ya kwanza kushuka chini. Akamwongezea alama tano.